Karatasi Nayo ni Shahidi

Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, aliwaonya washarika wasifadhaishwe na barua inayodaiwa kutoka kwake (2:2). Mwishoni akaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe, iwe alama ya nyaraka zake (3:17). Kughushi barua, basi, ni dhambi ya zamani.

Nchi yetu nayo imeyaonja hayo. Novemba 1964 Waziri wa Mambo ya Nje, Oscar Kambona, alitangaza kwamba zimepatikana barua zinazofichua njama ya nchi za Magharibi ya kuiangusha serikali. Watu wakaghadhibika. Marekani ikajibu kwamba barua hizo ni za kughushi, na baadaye Mwalimu Nyerere akalipokea kanusho hilo. Kwa nini ziliaminika upesi? Jirani yetu Kongo ilikuwa vitani, na majeshi ya kigeni yalikuwamo. Hofu ilikuwa imekwisha kulima shamba. Barua zilikuja kama mbegu.

Penye hofu barua bandia hupata wasomaji. Penye tamaa hupata wanunuzi. Huko Marekani, miaka ya 1980, Mark Hofmann aliwauzia wakusanyaji wa vitu vya kale, pamoja na viongozi wa Kanisa la Wamormoni, barua alizozitunga mwenyewe. Alitumia kurasa tupu za vitabu vya zamani na wino wa namna ya kale, hata wataalamu wakadanganyika. Oktoba 1985, akiogopa kufichuliwa, aliua watu wawili kwa mabomu. Wino wake, uliopasukapasuka chini ya hadubini, ulisaidia kumsuta.

Sisi wa Ijuganyondo, kama wenzetu wa Bukoba na Muleba, tuna karatasi zetu: vyeti vya ubatizo, barua za wazee, hati za vibanja. Akija mtu na karatasi “ya enzi za Wajerumani”, ya kuuza au ya kudai ardhi, tumwulize: Nani aliitunza kabla yako? Ilikuwa wapi miaka yote? Je, inapatana na daftari la usharika na kumbukumbu za majirani?

Kuuliza hivyo si kukosa imani. Amri ya Nane inakataza ushuhuda wa uongo, na karatasi nayo ni shahidi. Kwa karatasi moja ya uongo mjane anaweza kupoteza kibanja chake. Tukiichunguza kwa subira kabla ya kuikubali, tunampenda jirani.