Sherehe za Bambuti: wimbo waliotoka nao msituni

Munigi, Kivu Kaskazini – Kila kabila la mashariki mwa Congo lina sherehe yake. Bashi wa Kabare wana Mubande, siku ya Mwami inayofungua mwaka wa kilimo. Lakini sherehe za Bambuti na Batwa husikika mara chache, ingawa wao ndio wanaoitwa kucheza ngoma wakubwa wanapopokelewa. Ngoma ikiisha, wanarudi pembeni.

Tuanzie Ituri, katika msitu wa Epulu, ambako sherehe zao ziliandikwa vizuri zaidi. Miaka ya 1950 Mwingereza Colin Turnbull aliishi na Bambuti huko, na mwaka 1961 akatoa kitabu chake, The Forest People.

Kubwa kuliko zote ni molimo. Haina tarehe. Hufanyika balaa likiingia kambini, hasa kifo cha mtu wa maana. Kwa Bambuti msitu ni baba na mama, na mzazi mwema hawaumizi watoto wake. Kwa hiyo mambo yakiharibika, ni kwamba msitu umelala, na lazima uamshwe kwa wimbo. Kila siku vijana hupita nyumba kwa nyumba wakikusanya chakula na kuni. Usiku wanaume huimba kuzunguka moto, na baragumu lililofichwa msituni huwajibu kutoka gizani. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa wiki nyingi.

Wanawake kwa kawaida hukaa ndani. Lakini kuna usiku ambapo mwanamke mzee huja motoni, akacheza na kuyatawanya makaa, na wanaume wakayakusanya na kuuwasha moto upya. Kisha huwafunga waimbaji kwa kamba, na hawafunguliwi mpaka watoe zawadi. Hata wimbo wa wanaume una deni kwa mama.

Sherehe ya pili ni elima, ya wasichana waliovunja ungo. Hawafichwi kwa aibu, kambi nzima inafurahi. Wasichana hukaa pamoja katika nyumba moja na mama mzee anayewafundisha nyimbo za wanawake. Vijana wa kiume wanaotaka kuingia lazima kwanza wapite chini ya fimbo.

Sherehe hizi zinahitaji msitu, na msitu wameupoteza kwa njia nyingi. Tarehe 21 Aprili 1925 Wabelgiji waliunda Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Kusini mwa Kivu, Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na Batwa wakatolewa humo bila mashamba wala fidia. Uwindaji wa babu zao ukawa kosa la jinai. Hapa wilayani Nyiragongo, familia za Bambuti zinaishi Mudja, karibu na mpaka wa hifadhi, kwenye udongo wa mawe ya volkano.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003, waasi walishambulia Mambasa na kuelekea Beni katika operesheni waliyoiita Effacer le tableau, yaani kufuta ubao. Bambuti wengi waliuawa, na maelfu ya watu wa makabila mbalimbali wakakimbilia Oicha na Beni. Kwa Bambuti wengi ilikuwa mara ya kwanza kulala mbali na msitu.

Aliyewahi kukimbia anajua swali linalofuata: sherehe inafanywaje pasipo mahali pake? Jibu moja limo katika molimo yenyewe. Turnbull alitarajia kuona baragumu la mti la kale, lililochongwa kwa ustadi. Alichoonyeshwa ni bomba la chuma lililotoka kwenye kazi za barabara. Wenyewe hawakuona shida, kwa sababu kwao kilichotakiwa ni sauti nzuri.

Lakini tusijidanganye. Bomba linaweza kuchukua nafasi ya mti, lakini kambi ya maturubai haiwezi kuchukua nafasi ya msitu. Mtoto anayekua bila kuona asali ikivunwa juu ya mti anaimba wimbo ambao hajui unasifu nini. Na mzee akifia ukimbizini bila kufundisha, hakuna daftari la kumrudisha.

Tarehe 15 Julai 2022 Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi sheria namba 22/030 ya kulinda watu wa asili Pygmées. Inatambua utamaduni wao na haki yao juu ya ardhi na mali ya asili waliyozoea kutumia. Kwa familia za Mudja, kipimo chake ni kimoja: kama wazee wataweza tena kuingia msituni na wajukuu wao bila kukamatwa. Wakati huo haujafika, kazi iliyo mikononi mwa wazazi, Bambuti na wakimbizi wengine wote, ni kuwafundisha watoto nyimbo jioni, kwa lugha ya nyumbani, wakati wanaozijua bado wapo.