Karne Mbili za Hekalu la Mata no Madh

Jengo la hekalu la mungu wa kike Ashapura katika kijiji cha Mata no Madh, Kutch, magharibi kabisa mwa India, lilikamilika mwaka 1824. Limetimiza karne mbili, lakini Mama anayeabudiwa humo ni mkongwe kulipita kwa mbali. Hekalu la awali linasemekana kujengwa karne ya 14 na Ajo na Anagor, watu wa ukoo wa wafanyabiashara waliofikia uwaziri.

Wenyeji wana asili yao wanayoisimulia. Mfanyabiashara wa Marwar, jina lake Devchand, alipiga kambi hapo wakati wa Navaratri, zile siku tisa za kumwadhimisha Mama. Hakuwa na mtoto. Mama akamjia ndotoni, akamwagiza ajenge hekalu kisha asifungue milango kwa miezi sita. Devchand akajenga, akahamia hapo hapo kuulinda mlango. Miezi mitano ilipopita akasikia njuga na nyimbo ndani, uvumilivu ukamshinda. Alipofungua alikuta sanamu imeishia magotini. Mtoto alimpata, ila miguu ya Mama haikukamilika hadi leo.

Anayetarajia sanamu ya marumaru iliyochongwa kwa ufundi atashangaa. Ashapura ni jiwe lililopakwa rangi nyekundu, kimo chake futi sita na upana karibu huo huo, na lina jozi saba za macho. Ukisimama mbele yake ni wewe unayetazamwa. Kwa mungu mlinzi, naona hilo limekaa vizuri kuliko silaha yoyote.

Wafalme wa Kutch, wenye cheo cha Rao, walikuwa wa ukoo wa Jadeja na walimfanya Ashapura mlinzi wa ukoo na wa nchi. Hata hivyo hawakuwa na amri ndani ya hekalu. Humo wenye usemi ni Wakapdi, watawa wasiooa, na mkuu wao huitwa Raja. Siku ya nane ya Navaratri mwenye nafasi ya Rao huja miguu mitupu kufanya ibada ya patri. Mmea uitwao patri huwekwa begani mwa Mama. Mwenye ibada hutandaza nguo chini ya mmea huo na kuomba, ngoma zikipigwa, mpaka mmea uanguke wenyewe. Hakuna kuuvuta wala kuutikisa. Akicheleweshewa, anangoja kama mwombaji mwingine yeyote.

Tarehe 16 Juni 1819 ardhi ya Kutch ilitetemeka vibaya sana. Ngome ya Sindri ilizama, na kaskazini yake likainuka tuta refu ambalo watu walilipa jina la Allah Bund. Hekalu nalo liliharibika. Waliolisimamisha tena ndani ya miaka mitano ni Sundarji Shivji, tajiri aliyewauzia Waingereza farasi wa jeshi, pamoja na Mehta Vallabhji. Kwa hiyo ni fedha za wafanyabiashara zilizolianza hekalu hili na ni zao zilizolirudisha, jambo ambalo sifa za wafalme hulifunika.

Wafanyabiashara hao hao wa Kutch ndio tunaowajua sisi wa Pwani. Majahazi yao yalitoka bandari ya Mandvi yakashusha nguo Maskati na Zanzibar, na hapakukosa Wakachi waliolowea ng'ambo huku wakiendelea kumwita Ashapura mama wa ukoo.

Tetemeko la 26 Januari 2001 liliua watu wapatao 20,000, wengi wao Kutch, na hekalu likaharibika tena. Lilikarabatiwa, na mahujaji wakarudi. Kila Navaratri barabara ya kutoka mji wa Bhuj, yapata kilomita 100, hujaa watu wanaokwenda kwa miguu kutimiza nadhiri. Kandokando yake wafadhili huweka vibanda vya chai na chakula cha bure. Humo mtu asiyekujua atakukanda miguu na kukupaka dawa malengelenge, kisha akuharakishe uondoke ampishe mwingine.

Ufalme wa Kutch ulijiunga na India mwaka 1947, lakini ibada ya patri haikukoma. Rao Pragmulji III alipofariki Mei 2021, ndugu walibishana nani ashike nafasi yake hekaluni, hata mahakama ikahusishwa. Oktoba mwaka huo aliyeitandaza nguo mbele ya Mama alikuwa mjane wake.