Riblet: Karakana ya Spokane Iliyopandisha Watu Milimani

Mwaka 1896 mhandisi Byron Riblet aliitwa Sandon, kwenye milima ya British Columbia huko Kanada. Migodi ya fedha ilikuwa juu mno, na kuteremsha mawe ya madini hadi bondeni ilikuwa kazi ya kuchosha watu na wanyama. Riblet alisimamisha nguzo, akatandaza waya wa chuma na kuuning'inizia ndoo. Ndoo zilizojaa zikishuka, uzito wake ulizivuta tupu zikarudi juu. Mlima wenyewe ndio uliokuwa injini.

Kampuni aliyoiunda ikaweka makao Spokane, jimbo la Washington nchini Marekani, na kwa miaka mingi iliishi kwa migodi. Mageuzi yalianzia kwingine. Mwaka 1936, Sun Valley, Idaho, kampuni ya reli ya Union Pacific ilifungua lifti ya kwanza ya viti kwa wanaoteleza kwenye theluji. Aliyeibuni, James Curran, alikuwa ameifahamu mitambo ya kupakia ndizi melini. Penye kulabu za mikungu akaweka viti vya watu. Kwa Riblet hatua hiyo ilikuwa fupi zaidi. Waya, nguzo na roda walikuwa navyo tayari, na mlima waliujua. Mwaka 1939 lifti yao ya Magic Mile ilianza kupandisha watu katika Mlima Hood, Oregon.

Fahari ya karakana hii, kwa maoni yangu, ni kile kibano kidogo kilichoshikilia kiti. Wengine waliubana waya kwa nje. Riblet walizitanua nyuzi za waya, wakapenyeza ndimi za chuma katikati yake, kisha wakaziachia zijifunge. Kadiri waya ulivyokazwa, ndivyo nyuzi zilivyozidi kukibana kibano. Ni ubunifu wa watu walioshika waya kwa mikono yao, nao uliwezesha lifti nyepesi na za bei ambayo hata kilima kidogo cha mji mdogo kingeimudu. Walijenga zaidi ya 400.

Lakini kibano kilichozama ndani ya waya hakiachii. Mwaka 1981 kampuni ya Doppelmayr ya Austria ilijenga huko Breckenridge, Colorado, lifti ya viti vya watu wanne vinavyojitenga na waya kituoni: abiria anapanda polepole, kisha kiti kinaushika tena waya unaokwenda mbio. Vituo vikubwa vya kuteleza kwenye theluji vikataka mwendo huo, na Riblet haikuwa nao. Mwaka 2003 ikafunga milango.

Lifti zake hazikusimama siku hiyo. Zile zinazoendelea kufanya kazi zinahitaji vibano vihamishwe mara kwa mara, ili waya usichakae mahali pamoja, na mafundi bado wanafundishana kuzifungua nyuzi, kuutoa ulimi wa chuma na kuupenyeza hatua chache mbele.