"Lonely": Neno la Hesabu Lililogeuka Huzuni

Neno la Kiingereza "lonely" aghalabu hufasiriwa "mpweke", kana kwamba lilizaliwa na huzuni yake. Nasaba yake ni ya hesabu. Takriban mwaka 1300 Waingereza waliunganisha "all" na "one", yaani mmoja mtupu, wakapata "alone". Baadaye irabu ya mwanzo ilidondoshwa, likabaki "lone". Na kufikia mwanzo wa karne ya 17 hilo nalo lilikuwa limepachikwa kiambishi tamati "-ly". Matamshi ndiyo yanayoficha udugu huu: "one" lilianza kutamkwa "wan", ilhali "alone" na "only" yalibaki na irabu ya kale.

Katika tamthilia ya Shakespeare, Coriolanus, iliyochapishwa mwaka 1623, jemadari anayefukuzwa Roma anajifananisha na joka aliye "lonely" kinamasini mwake, anayetisha watu wasiowahi kumwona. Hapo hakuna machozi. Kuna kujitenga na kutisha. Kiswahili kina mfano ulio karibu: "alikwenda peke yake" hutaja idadi tu, wala haisemi kama aliyekwenda alisikitika. Maana ya kuumizwa na ukosefu wa wenzi iliimarika katika "lonely" mwanzoni mwa karne ya 19.

"Solitude" lilipita njia nyingine. Lilitoka Kilatini, "solitudo", kwa kupitia Kifaransa, na katika Kilatini lilitaja pia nyika isiyo na watu. Katika shairi maarufu la Wordsworth kuhusu maua ya manjano, lililochapishwa mwaka 1807, maneno yote mawili yamo: "lonely" katika mstari wa kwanza, na "solitude" karibu na mwisho, likiambatana na furaha. Mfasiri atakayeandika "upweke" mara zote mbili atakuwa amefuta safari nzima ya shairi.

Wala Kiswahili si maskini hapa. "Ukiwa" hubeba mji uliohamwa pamoja na moyo ulioachwa, na hivyo hukaribia "solitudo" ya Kilatini kuliko "upweke". "Faragha" ni kujitenga kwa hiari. Mwaka 2018, Uingereza ilipomteua waziri wa kushughulikia "loneliness", "upweke" lilifaa kabisa, kwani lililokusudiwa lilikuwa ni maumivu. Lakini joka wa Coriolanus akiitwa mpweke, msomaji wa Kiswahili atamhurumia mtu aliyetaka kuogopwa.