Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi ni vyuo vya elimu ya watu wazima vya Tanzania Bara, vilivyoanzishwa na Serikali mwaka 1975 ili kila mtu mzima, awe amehitimu darasa la saba au hakupata kabisa kukanyaga shule, apate mahali pa kuzidisha maarifa, kujifunza kazi ya mikono na kuyatafakari mambo ya nchi yake. Katika uwanda wa juu wa Ufipa chuo cha namna hii kiko Chala, wilayani Nkasi, mkoa wa Rukwa.

Asili

Fikira ya vyuo hivi ilizaliwa Denmark, ambako mchungaji na mwanachuoni N.F.S. Grundtvig alishikilia kwamba mkulima anastahiki elimu itolewayo kwa lugha yake mwenyewe pasipo vitisho vya mtihani. Na chuo cha kwanza cha kuifuata fikira hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, kisha mfano wake ukaenea Sweden na nchi jirani. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye katika waraka wake adhimu wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967, alikuwa amekwisha kuilaumu elimu inayomfarikisha msomi na jamaa zake, alivutiwa na vyuo hivyo alipozuru Sweden, na Serikali ya nchi hiyo ikakubali kusaidia kwa fedha na wataalamu.

Wakati wenyewe ulikuwa muwafaka. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya wanavijiji katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Na watu wasiojua kusoma na kuandika, ambao mwaka 1967 walikuwa asilimia 67 ya watu wazima, walipungua hadi asilimia 39 mwaka 1975. Umati huo uliokwisha kuonja maandishi ulihitaji pa kuendelea, asije akasahau mtu yale aliyoyapata kwa jitihada. Vyuo vingi vilirithi majengo ya vituo vya mafunzo vijijini, na idadi yake ikafika 55.

Mafunzo

Katika miaka ya mwanzo, kijiji chenyewe ndicho kilichomteua mwanachuo na kumtuma, kwa matarajio kwamba angerejea kukitumikia. Wanachuo hulala bwenini, hulima shamba la chuo, na hujifunza uashi, useremala, uhunzi, ushonaji, mapishi, kilimo na ufugaji, pamoja na uraia na utamaduni. Zipo kozi ndefu na kozi fupi.

Utawala

Hapo awali vyuo vilikuwa chini ya Wizara ya Elimu ya Taifa. Mwaka 1990 vilihamishiwa wizara ya maendeleo ya jamii, na katika miaka ya 2010 vikarudishwa Wizara ya Elimu. Tangu 2012 mafunzo ya ufundi ya VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yameunganishwa na elimu ya wananchi. Faida yake ni kwamba mhitimu hupata cheti kinachotambulika kwa waajiri, ijapokuwa yale majadiliano huru, ambayo ndiyo roho ya vyuo hivi, yamesongwa na ratiba ya ufundi na mitihani.

Ufipa

Chala iko kaskazini ya mji wa Sumbawanga, katika njia iendayo Namanyere. Kijana wa Kizwite, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, atakaye mafunzo ya namna hii huelekea huko. Elimu ya mikono si ngeni kwa Wafipa: wahunzi wao waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, wakirithishana ilimu hiyo kwa kufanya kazi pamoja, na wakulima wao hufukia majani katika matuta ya duara ili yaoze yawe mbolea. Siku hizi mahindi, maharage, ulezi na alizeti ndiyo mazao makuu, na maksai hukokota majembe.

Hali ya sasa

Vyuo 54 vinaendelea. Kwa mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa pamoja na Karibu Tanzania Organization, wasichana waliokatiza masomo, wakiwemo kina mama wadogo, husoma sekondari na ufundi, nao watoto wao hulelewa papo hapo chuoni.