-zuia na -ua (katika habari za bakteria)

-zuia kt [ele] fanya jambo lisitokee au lisiendelee: *Chumvi nyingi huzuia bakteria wasiongezeke.*

-ua kt [ele] ondoa uhai: *Maji yanayochemka huua bakteria wengi.*

Matumizi. Vitenzi hivi haviwezi kubadilishana nafasi. Tofauti yake huonekana vyema katika bidhaa mbili za njia ya kale ya misafara: asali ya Tabora, na chumvi ya Uvinza iliyobebwa na wapagazi. Zote mbili huhifadhi chakula kwa kuyashika maji yaliyomo, hata bakteria wakakosa maji ya kutumia. Maji hayo yanayoweza kutumika, ambayo hapa tunayaita *maji huru*, hupimwa kwa kipimo cha 0 hadi 1. Maji safi ni 1. Bakteria wengi waharibifu wa chakula hawaongezeki chini ya 0.91; asali iliyoiva hukaribia 0.6. Kwa kujua kiwango hicho, pamoja na joto na asidi, mtaalamu hubashiri kama bakteria fulani wataongezeka katika chakula au la.

Lakini kutoongezeka si kufa. Asali huweza kuua baadhi ya bakteria, ila spora za *Clostridium botulinum* hukaa ndani yake zikiwa hai bila kuota. Zikifika katika utumbo wa mtoto mchanga, zaweza kuota na kutoa sumu. Ndiyo sababu mtoto aliye chini ya mwaka 1 hapewi asali. Mfasiri anayeandika kijaluba cha afya akasema:

✗ *Asali huua bakteria wote*

amemwondolea mzazi tahadhari. Aandike:

✓ *Asali huzuia bakteria wengi wasiongezeke, lakini haiui spora.*

Tanbihi. (1) *Unyevu* ni jumla ya maji yote yaliyomo katika kitu. Usiutumie kwa maana ya *maji huru*. Vyakula viwili vyenye unyevu sawa huweza kutofautiana: chenye chumvi au sukari nyingi zaidi hukawia kuharibika. (2) *Ukuaji wa bakteria* ni istilahi iliyozoeleka, ila maana yake ni kuongezeka kwa idadi, si kwa umbo. Panapohofiwa utata, tumia *kuongezeka* au *kuzaliana*.

Linganisha: -hifadhi, -oza, -chacha.