Weusi na weupe katika ramani ya Virginia

Mwezi wa Juni 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa bado vichanga, ilichapishwa mjini Washington ramani ya jimbo la Virginia iliyotayarishwa na wapimaji wa pwani wa serikali. Haikukusudiwa kumwongoza msafiri. Kila wilaya ilitiwa weusi kadiri ya sehemu ya watumwa kati ya wakaaji wake, kwa kufuata hesabu ya watu ya mwaka 1860.

Tuitazame. Upande wa mashariki, penye mashamba ya tumbaku, karatasi imekolea giza. Tukivuka milima kuelekea mto Ohio, inakuwa nyeupe. Siku zile zile wajumbe wa magharibi walikutana Wheeling, wakakataa kujitenga na Muungano, na mwaka 1863 pande hizo zikawa jimbo jipya, West Virginia.

Weupe ule usitudanganye. Hata huko walikuwako watumwa, wachache tu. Na jimbo hilo jipya halikukomesha utumwa kabisa hadi Februari 1865.

Hesabu iliyoizaa ramani ilikuta Virginia watumwa 490,865, wengi kuliko katika jimbo lingine lolote. Karani aliandika jina la bwana, na chini yake, mstari mmoja kwa kila mtumwa: umri, jinsia, rangi ya ngozi. Majina yao, kwa kawaida, hakuyauliza.